Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Mzani unaishia Kipawa

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Mimi ni msindikiza wageni wa utalii, mkazi wa Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuwatoa hotelini alfajiri, kuwapakia kwenye ndege ndogo pale Jengo la Kwanza, lile la zamani la Kipawa, kwenda nao porini na kurudi nao wakiwa wazima. Mwaka huu ni wa kumi na moja.

Pale Kipawa hatuna shida. Begi liwe laini, lisizidi kilo 15, na abiria naye anapanda mzani. Nimeshamwona mzee mmoja wa Kijerumani akivua viatu na kutoa simu mfukoni kabla ya kupanda, kana kwamba simu ndiyo iliyomnenepesha. Tunacheka, karani anaandika, rubani anapiga hesabu zake.

Shida inaanza wakati wa kurudi. Viwanja vingi vya porini nilivyofika ni njia ya udongo au majani, kibanda cha makuti, na mfuko wa kuonyesha upepo ambao pengine umechanika na kubaki mlingoti. Mzani hakuna. Begi lile lile la kilo 15 sasa lina vinyago vya mpingo, asali na mawe aliyookota mtoto. Rubani analinyanyua kwa mkono, anakunja uso, analiweka ndani. Hapo ndipo tumepima.

Nitakueleza kisa cha siku moja. Ilikuwa msimu wa vuli, mvua imenyesha usiku kucha, na saa saba mchana jua linachoma. Rubani wetu alishuka akaitembea njia yote kwa miguu, kwenda na kurudi, soksi zikarudi zimeloa na kujaa mbegu za majani. Akasema watu wawili na mabegi sita wabaki, atawafuata jioni jua likipoa. Wageni wakawaka. Mmoja akapiga simu ofisini, ofisi ikampigia rubani, nami nikiwa karibu nikasikia sauti ikimwambia, "Mwenzako jana alibeba wote." Hakujibu. Alirudisha simu mfukoni akafunga mlango. Mimi na mgeni mmoja tulibaki tukila karanga na kuwatazama ngiri wakikatiza kiwanja. Saa kumi na moja kasoro alirudi kutuchukua, na ndege ya usiku ya kwenda Ulaya wote waliiwahi.

Baada ya miezi michache sikumwona tena kwenye kampuni ile. Nilipompigia alicheka: "Kaka, mimi si ndiye mchelewesha wageni?"

Mheshimiwa, mtu yule hakuwa mwoga, alikuwa anajua hesabu. Mamlaka ya anga ya Uingereza, nchi ambako ndege ndogo zinaruka kila siku kwenye viwanja vya majani, inawafundisha marubani kwamba majani yaliyoloa, hata juu ya udongo mgumu, yanaongeza umbali wa kuruka kwa asilimia 30 hivi. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali unaongezeka asilimia 20 nyingine. Na hivi havijumlishwi, vinazidishana. Ndege iliyohitaji mita 600 pakavu sasa inataka zaidi ya 930. Joto nalo lina lake, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi, bawa linakosa cha kushika na injini inachoka. Kiwanja kilicho futi 5,000 juu ya bahari, kama vile vya Serengeti, kikipigwa na joto la nyuzi 30 ndege inakiona kama kiko karibu futi 8,000. Miti iliyo mwisho wa kiwanja haijasogea hata hatua moja.

Ajali tunazo za kutosha kutufundisha. Novemba 15, 2017 ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Serengeti iligonga mlima eneo la kreta ya Empakaai, na watu wote 11 wakafa. Septemba 23, 2019 nyingine ilianguka ikiruka kutoka kiwanja cha Seronera, Serengeti, wakafa wawili. Novemba 28, 2023 kiwanja kimoja, Kikoboga kule Mikumi, kilipata ajali mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilitokea ndege ikitua, ya pili nyingine ikijaribu kuruka. Mungu alinusuru, hakufa mtu. Sisemi zote zilitokana na uzito au majani, kila ajali ina yake. Ila sisi tunaopanda kila wiki tungependa kuzisoma ripoti zake kwa Kiswahili, zikiwa mahali tunapoweza kuzipata. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema uchunguzi ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kutafuta wa kulaumiwa. Karani wa kambi na askari anayefukuza pundamilia kwenye njia ya ndege nao wanazuia ajali, na Kiingereza cha ripoti hakiwafikii.

Ninachoomba hakihitaji lami. Kila kiwanja kinachopokea ndege za abiria kiwe na mzani wa mtu na mzigo, mfuko wa upepo mzima, na mtu mmoja aliyefundishwa, mwenye redio, wa kumwambia rubani kabla hajatoka Dar kwamba njia imeloa au majani yamefika magotini. Kubwa kuliko yote, rubani anayekataa kuruka alindwe kwa kanuni yenye meno. Kampuni itakayomwadhibu ijieleze kwako, na awe na namba ya kupiga isiyopitia kwa bosi wake.

Kwa sasa nimejinunulia mzani wa kuning'iniza pale Kariakoo, ule wa wauza samaki, naubeba kwenye begi langu. Rubani wa kwanza kuuona aliniuliza kama nimeanza biashara ya kuku. Mabegi unayapima vizuri. Abiria bado tunamkadiria kwa macho.

Wako mtiifu,
Msindikiza wageni, Dar es Salaam