Mnada Uliokosa Wauzaji

Chumbageni, Tanga

Ndugu yangu Mwinyi,

Assalaam aleykum. Huku hatujambo, na Mama Rehema anakusalimu. Nimekaa kimya tangu tulipoachana kwa maneno pale barazani, wewe ukishikilia kwamba Wizara ya Nishati yafaa ipewe mtu wa benki, nami nikisema apewe mhandisi. Leo nimesoma habari za Claire Coutinho wa Uingereza, nikaona ni haki nikukubalie nusu ya hoja yako. Nusu tu, usiitangaze Bagamoyo nzima.

Bibi huyo alisoma hisabati na falsafa Oxford, akafanya kazi katika benki ya Merrill Lynch, akaingia Bungeni mwaka 2019, na tarehe 31 Agosti 2023 akakabidhiwa uwaziri wa nishati. Kiti hakijapata moto, tarehe 8 Septemba yakatoka matokeo ya mnada wa umeme ulioandaliwa kabla yake: hakuna hata kampuni moja iliyojitokeza kujenga mitambo ya upepo baharini.

Mnada wao ni kinyume cha wetu. Serikali hutangaza bei ya kikomo, na hushinda anayekubali kuuza kwa bei ya chini. Kikomo kilikuwa paundi 44 kwa megawati-saa (yuniti elfu moja za umeme), kwa thamani ya fedha ya mwaka 2012, ilhali vifaa na riba za mikopo vilikuwa vimepanda. Hapo nikaikumbuka Deep Sea, soko letu la samaki. Mwambie nahodha, kabla hajang'oa nanga, kwamba changu wake utawanunua kwa bei ya mwaka juzi wakati mafuta ya mashine yamepanda. Atailaza mashua akacheze bao, nawe utabaki na kapu tupu na bei yako nzuri.

Novemba ile ile serikali ilipandisha kikomo hadi paundi 73, yaani kwa asilimia 66, na mnada uliofuata, wa mwaka 2024, ukapata wajenzi wa baharini. Wakati huo chama cha Coutinho kilikwisha kushindwa uchaguzi wa Julai, na Ed Miliband, waziri aliyempokea na kuongeza fungu la fedha za mnada huo, ndiye aliyepokea matokeo. Mmoja hupanda minazi, mwingine akaangua. Lakini niambie, ni benki iliyomfundisha Coutinho hilo la bei, au hata muuza samaki angeliona? Maana walioweka ile 44 nao, nadhani, hawakukosa watu wa hesabu.

Hilo la bei linanigusa kwa sababu nataka kukopa nifunge paneli za sola kwenye chumba changu cha barafu; umeme ukikatika usiku, samaki wa watu huharibika nami hulipa. Wewe uliyepitisha mikopo ya wengine, nichukue ya miaka mitatu au mitano? Riba ikipanda katikati, nani ataibeba? Bei ya barafu niitangaze sasa, au nisubiri gharama zote zijulikane? Na je, ni kweli umechukua fomu ya udiwani, au ni maneno ya Hamisi tu? Nijibu hilo la mwisho kwanza.

Wako,
Salimu