TAARIFA YA MWENYEKITI KWA WANACHAMA WA CHAMA CHETU CHA KWAYA NA MUZIKI, TABORA

Ndugu wanachama, wazee wetu, mwalimu wetu wa kwaya na mama mhazini, salaam.

Mambo ya kawaida sitayarefusha maana wote mlikuwepo, au niseme waliokuwepo wanayajua. Tumeimba harusi, tumezika wenzetu, Pasaka tumeimba, Krismasi tumeimba, kinanda kimetengenezwa. Basi.

Niende kwenye lile tamasha letu la kuimba Mozart na Handel na wapigaji tuliowaita kutoka Dar, maana najua ndo linalosemwa kule kwenye grupu la WhatsApp, na wengine mnasema usiku usiku mkidhani sisomi. Mnasema mwenyekiti kala hela ya sare. Mwenyekiti hajala hela ya sare. Hela ya sare, 1,350,000, imelipa wapiga vayolini wanne, wa viola (vayolini kubwa kidogo) mmoja na wa chelo (ile kubwa ya kukalia) mmoja waliotoka Dar na treni, na kamati ilikaa, ila kikaoni tulikuwa watu wanne, sasa hapo mnilaumu mimi au wasiokuja?

Hoja kubwa ni kwamba kinanda kina sauti ya vayolini, ya nini kuita watu. Jamani. "Ave verum corpus", ule wimbo mfupi wa Kilatini, mtunzi Mozart kaiandika Juni 1791, miezi michache tu kabla hajafa, haifiki hata kurasa nne na haina makelele, nyuzi, yani vayolini na wenzake, zinashikilia chini sauti zikipita juu taratibu, ukiipiga kwa kitufe cha kinanda inakuwa kama mlio wa simu. Na Handel hivohivo, Haleluya yake tunayoipenda wote, ya kwenye Messiah, imepangwa kwa nyuzi, tarumbeta na timpani (zile ngoma kubwa), tarumbeta tunazo vijana wetu wa Ng'ambo na Isevya wanapuliza vizuri kabisa, nyuzi ndo hatuna. Halafu umeme ukakatika katikati ya Haleluya, mnakumbuka, wale vijana wa Dar hawakushtuka hata kidogo, wakaendelea, watu wakawasha tochi za simu, kwaya ikamaliza. Kinanda kingesema nini pale? Hilo hamlisemi.

Na kuhusu sare niwaambie kitu. Messiah ilipopigwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, akina mama waliombwa waje bila zile pete za kupanulia magauni na wanaume waache panga nyumbani ili watu waenee, wakaingia kama 700 kwenye ukumbi mdogo. Yani wenzetu walipunguza nguo ili muziki usikike, sisi tunagombania kitenge! Na mapato yake yalikwenda kwenye hospitali mbili na kwenye kuwatoa wafungwa wa madeni, wakatoka 142. Madeni, ndugu zangu. Nasisitiza hilo neno kwa sababu nakuja huko sasa hivi.

Tuko wanachama 64. Waliolipa ada ya mwaka ni 19. Ada ni 24,000 tu, elfu mbili kwa mwezi, soda mbili. Tuliopata ni ada 456,000, viingilio 1,140,000, wafadhili 800,000 na ile ya sare 1,350,000, jumla 3,746,000. Tukatumia wageni 2,200,000, ukumbi 400,000, nota na viti na matangazo 610,000, chakula 524,000, imebaki 12,000 na iko kwa mhazini. Asali tuliyowafungashia wageni nimetoa mfukoni kwangu, sidai. Sasa hao 45 wasiolipa wangelipa ingekuwa 1,080,000, sare karibu zote hizo, kwahiyo anayeuliza sare iko wapi aanze na mfuko wake.

Mazoezi nayo ni aibu. Mtunzi Haydn ana simfoni yake (muziki mrefu wa vyombo) namba 45 ya 1772, mwishoni wapigaji wanazima mishumaa wanaondoka mmoja mmoja mpaka wanabaki wapiga vayolini wawili, ndo sisi kabisa Jumamosi ikifika saa kumi na mbili. Ila wale walikuwa wanamkumbusha bwana wao kwamba wamechoka kukaa kwake wanataka kwenda kwa wake zao, nyie mnakaa Cheyo na Kitete mnaenda wapi? Kuna siku besi alikuwa mzee mmoja peke yake, namshukuru sana, na aliimba.

Mwakani Mungu akipenda tutajaribu kuongeza nyimbo nyingine za kwaya za Messiah, tukipata chelo yetu wenyewe vijana wafundishwe hapahapa tusiite watu, wafadhili tunaongea nao, tutaona. Sare nazo zitakuja. Mazoezi yanaanza Jumamosi saa kumi kamili na mama mhazini atakaa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti