Diski Moja Ikae Kwako Moshi

Tabata, Dar es Salaam

Swahiba,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Huku wazima, joto tu ndilo linatutesa.

Ile ThinkPad ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, yenye kioo kilichopasuka, ukaniuliza nimenunua laptopu au bati, sasa ndiyo seva ya nyumba, yaani kompyuta inayokaa imewashwa kututunzia mafaili. Imelala juu ya kabati la vyombo na nyaya mbili tu, wa umeme na wa kutoka kwenye ruta. Ndani nimeweka Debian, mfumo wa kuiendesha, Jellyfin ya kuangalia sinema, na Immich inayovuta picha za simu zetu tukishafika nyumbani.

Siku ya kwanza ilinitoa jasho. Kila kitu kinafanya kazi, naifunga, naipandisha kabatini, kimya! Naishusha, naifungua, inaamka kama haina kosa. Mara tatu. Kumbe laptopu ukiifunga inasinzia. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio liitwalo logind.conf: HandleLidSwitch=ignore. Nilikesha kwa ajili ya mstari mmoja, bwana.

Lakini umeme ukikatika ndipo utaipenda. Betri imechoka, ila inasukuma dakika 40 hivi, na seva haizimiki ghafla ikaharibu mafaili. LUKU nayo hailalamiki: nilipima nikakuta wati 14, sawa na uniti 10 kwa mwezi.

Kilichonisumbua zaidi ni mama. Yuko Tanga, anataka picha za wajukuu. Nilihangaika na ruta wiki nzima ili aifikie seva akiwa huko, wapi! Mwishowe nikaona anwani niliyopewa na kampuni ya intaneti inaanza na 100.80, yaani ni ya kuchangia na wateja wengine. Mtu wa nje hana pa kubisha hodi. Nikaweka Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vilivyo mbali. Seva na simu ya mama zote zinatoka nje zenyewe, zinatafutana, kisha zinaongea kwa njia ya siri, iliyofungwa kwa wengine. Mama hayo hayamhusu. Jana kapiga simu kuuliza mbona mjukuu wake anacheza mchangani bila viatu.

Sasa shida yangu. Mwezi uliopita diski ilianza kulia kro, kro. Niliwahi kuhamisha kila kitu, zikiwemo picha za marehemu baba, ambazo hazipo kwingine. Nakala ninayo, lakini iko kabati lile lile. Mwizi akiingia anabeba vyote kwa mfuko mmoja.

Naomba nikutumie kwa basi Raspberry Pi, kikompyuta kidogo cha kushika kiganjani, na diski ya terabaiti 1. Uiweke nyuma ya televisheni, watoto wasiifikie. Kila saa nane usiku restic, programu ya kutunza nakala, itatuma picha mpya tu, tena zikiwa zimeshafungwa kwa neno la siri huku kwangu, kwa hiyo usihangaike kuchungulia. Nikiona na wewe umenogewa, zako nitazihifadhi huku.

Nijibu kitu kimoja tu: ruta yako imebakiwa na tundu la waya?

Wako,
Mzee wa bati