Somo yangu, kabla hujajaza fomu ya chuo

Somo yangu mpenzi,

Salamu sana. Barua yako niliisoma nimesimama, begi bado liko begani, nikacheka peke yangu kama mwehu. Miaka yote hii unaniuliza, "Hivi wewe kazini huwa unafanya nini hasa?" nami nakujibu kwa mkato. Leo unaniambia umechoka na hesabu za watu, unataka kusomea tiba kwa vitendo, hii yangu wanayoiita pia tiba ya mambo ya kazi, na fomu ya chuo umeshaichukua, imebaki kujaza tu. Haya. Leo sitakujibu kwa mkato. Tafuta pa kukaa.

Nianze na sentensi yako moja iliyonikaa kooni. Umeandika: "Naitaka kazi hii kwa sababu napenda kusaidia watu." Sijui nikuambieje bila kukukwaza, lakini hiyo ndiyo sababu iliyokaribia kuniharibia mimi.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, ndio kwanza nimepelekwa wodini kwa mafunzo ya vitendo. Nikakabidhiwa mzee mmoja aliyepata kiharusi, upande wa kulia umepooza. Kazi yetu asubuhi ile ilikuwa kuvaa shati. Mkono mgonjwa huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, ndivyo tunavyofundisha, na hapo alivuka salama. Tukafika kwenye vifungo. Cha kwanza kilichukua dakika nne. Cha pili kilimponyoka mara sita, nilihesabu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, ncha ya ulimi imechomoza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Kufika cha tatu, uvumilivu ukanishinda. Nikanyoosha mkono, nikamfungia. Na cha nne. Na cha tano. Kisha nikamtabasamia, nimejiona mtu mwema kweli.

Mzee hakusema kitu, maana kiharusi kilikuwa kimemchukulia na maneno pia. Aliniangalia kidogo, halafu kwa mkono wake wa kushoto, taratibu, akavifungua vyote vitatu nilivyofunga mimi, akaanza upya.

Nilitamani ardhi ipasuke. Msimamizi wangu alikuwa mlangoni, ameona kila kitu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kuanzia kesho, mikono mifukoni," na hakuwa anatania. Wiki nzima nilizunguka wodi ile mikono imo kwenye mifuko ya koti, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa akakosa la kusema.

Basi katika wiki hiyo ndipo nilipogundua kwamba kilichomshinda yule mzee hakikuwa vidole. Vidole vya kushoto vilikuwa vizima kabisa. Tatizo lilikuwa shati lenyewe: hapakuwa na mkono wa pili wa kulikaza, kwa hiyo kila akikisukuma kifungo, na nguo inakimbia nacho. Msimamizi akamwonyesha aanze na kifungo cha chini na aukalie upindo wa shati kwa paja. Nguo ikatulia. Kuna kidude cha waya chenye mpini, unakipitisha kwenye tundu kinakivuta kifungo, tulikuwa nacho tayari, hakukihitaji.

Nakusimulia haya kwa sababu hapo ndipo ilipo kazi yenyewe, somo. Huyo alikuwa na shida ya shati kukimbia. Angekuwa mgonjwa mwingine, kifungo kilekile kingekuwa na kisa kingine kabisa. Yuko ambaye ubongo wake umeacha kuuona upande wa kushoto wa dunia: ananyoa ndevu za kulia tu, anavaa mkono mmoja wa shati na kwake yeye amemaliza. Macho hayana kasoro. Ukimwambia "hujamaliza", anakushangaa. Mwingine ana nguvu na anaona vizuri, lakini mpango wa tendo umempotea. Amelishika shati, analigeuza huku na huku, anajaribu kulivaa miguuni. Mwingine ana baridi yabisi, vidole vimevimba, asubuhi havikunji. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hawezi kuutumia mkono wake kwa sababu anautumia kujishikilia asianguke, kwa hiyo unaanza na kiti wala si na mkono. Halafu yuko mwenye sonona, mwili mzima hauna tatizo lolote, ila haoni kwa nini avae. Wote hao faili zao zinaweza kuandikwa maneno yaleyale: hawezi kuvaa mwenyewe. Unalipwa ili ujue ni yupi kati yao.

Ndiyo maana jina la kazi linatupa tabu. Mjomba wangu aliposikia nimehitimu tiba ya mambo ya kazi, aliniletea vyeti vya mwanawe nimtafutie ajira. Hapana, mjomba. "Kazi" hapa ni kila kinachoijaza siku ya mtu: kuoga, kupika, kuandika, kulea, kucheza kama ni mtoto, na ajira nayo imo. Wazo lenyewe ni la zamani, lakini taaluma ilipata chama chake Machi 1917, mjini Clifton Springs, jimbo la New York, watu sita walipokutana nyumbani kwa George Barton. Daktari kati yao alikuwa mmoja tu, William Rush Dunton, wa magonjwa ya akili. Barton mwenyewe alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu na baadaye akapooza upande wa kushoto, akajirudisha kwenye uhai kwa bustani na useremala. Huwa nafurahi nikikumbuka kwamba mwenyeji wa mkutano ule alikuwa mtu aliyewahi kulala kitandani akaona dari siku nzima.

Tofauti yetu na wenzetu wa fiziotherapia utaulizwa mpaka uchoke. Wao watauhangaikia mguu upate nguvu na utembee. Mimi nataka kujua mguu huo unakwenda wapi, na mlango wa huko una upana gani. Usiniulize nani bora. Tumeshagombana vya kutosha kuhusu nani atumie chumba cha mazoezi asubuhi.

Masomo, sasa. Anatomia haina huruma. Utaikariri mifupa minane ya kifundo cha mkono mpaka uiote usiku. Kuna neva na ubongo, saikolojia, makuzi ya mtoto, na lile somo la kuchambua shughuli ambalo wengi hulidharau mwanzoni: unapewa tendo dogo kama kupiga mswaki, unalivunja hatua kwa hatua, na kila hatua unaeleza inadai nini kwa misuli, kwa macho, kwa kumbukumbu. Mara ya kwanza niliandika hatua saba nikajiona mjanja. Mwalimu alirudisha karatasi na swali moja: "Mfuniko wa dawa umefunguliwa na nani?"

Nchi nyingi ni shahada ya miaka mitatu au minne, kwingine kuna stashahada, na Marekani huingii kwenye kazi hii bila angalau shahada ya uzamili. Jambo moja usilione haya kuliuliza kabla hujalipa hata senti: je, mtaala wao unatambuliwa na Shirikisho la Dunia la tiba hii, lile lililoanzishwa mwaka 1952? Viwango vyake vinadai si chini ya saa 1,000 za mafunzo ya vitendo. Chuo kikikuzungusha kwenye swali hilo, kimeshakujibu. Uliza pia masharti ya kusajiliwa na baraza la nchi unayotaka kufanyia kazi, maana cheti bila usajili ni pambo la ukutani.

Wewe una mikono ya ufundi, kwa hiyo nina hakika utapenda mabanzi, vile vifaa vya kukishikilia kiungo kikae sawa. Unachukua bamba la plastiki, unalitumbukiza kwenye maji ya moto, nyuzi 65 hadi 70 hivi, linalegea kama kitambaa kilicholowa. Unalifuta, unalijaribu kwanza kwenye ngozi yako mwenyewe lisije likamuunguza mtu, kisha unalilaza juu ya mkono wa mgonjwa. Una dakika chache tu kabla halijakakamaa. Hapo huzungumzi. Unatafuta kifundo kimekaa wapi, kidole gumba kinaelekea wapi, mfupa gani umetokeza utakaokuja kuchubuliwa. Likikakamaa vibaya, unalirudisha majini. Mkono ulioungua moto ukiachwa ujikunje utakavyo, makovu yanaufunga hivyohivyo, na miezi sita baadaye mtu hawezi kushika kikombe. Banzi zuri hakuna anayelisifu. Wanalivaa usiku, wanalalamika linawasha.

Nisikufiche mabaya. Mgongo utakuuma, maana kumhamisha mtu mzima kutoka kitandani hadi kwenye kiti si mchezo hata ukijua mbinu. Kuna maandishi kila jioni, na kisichoandikwa kimehesabiwa hakikufanyika. Kuna madaktari wanaokukumbuka siku ya mgonjwa kuruhusiwa, saa nane mchana, gari limeshafika. Wengine wakikuona unacheza mpira na mtoto mwenye usonji wanadhani unapoteza muda, hawajui kwamba tangu asubuhi umekuwa ukimsubiri mtoto huyo akutazame usoni mara moja.

Na utakosea. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwandaa mama mmoja aliyeumia uti wa mgongo. Alijua kuhama, alijua kukiendesha kiti chake cha magurudumu, nikamuaga kwa madaha. Baada ya siku tatu mwanawe akapiga simu: kiti hakipiti mlango wa bafu. Sikuwa nimeupima. Niliuliza kama nyumba ina ngazi, nikaambiwa hapana, nikaridhika. Siku tatu mama yule alikuwa anaogeshwa kitandani na mtoto wake wa kiume, jambo ambalo kwa miezi minne tulikuwa tumehangaika ili lisitokee. Tangu siku hiyo futi yangu haitoki mkobani. Na mteremko wa mlangoni nao una hesabu yake, utaipenda: kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 15 kinataka sentimita 180. Watu hujenga nusu ya hapo, kiti kinarudi nyuma na mwenyewe ndani.

Kitu kigumu kuliko vyote, lakini, ni upendo wa ndugu. Binti anamlisha mama kijiko kwa kijiko wakati mama mkono mmoja anao. Mke anamjibia mume kila swali. Huwezi kuwaambia acheni kupenda. Nilichojifunza ni kumpa ndugu kazi: namwomba ashike saa, apime dakika, aniandikie. Akiwa na saa mkononi, angalau mkono huo una shughuli. Na wapo wagonjwa ambao ugonjwa wao haurudi nyuma, wiki hii anaweza, wiki ijayo hawezi, na wewe unaendelea kumtafutia njia ya kuandika, kisha ya kubonyeza, kisha ya kuonyesha kwa macho. Hao nitakueleza tukionana. Karatasini siwezi.

Sasa usije ukasema somo yako amekukatisha tamaa. Nakujua tangu tunakaa dawati moja. Wewe ndiye uliyekuwa ukinifanyia hesabu kabla sijamaliza kukwaruza kichwa, na ni kweli ulinipenda, na ni kweli hesabu sijui mpaka leo. Hiyo ndiyo hofu yangu pekee juu yako. Akili unayo, subira ya kukaa na vitabu unayo, watu hukuamini upesi. Ila mikono yako ina haraka ya huruma, na hii ni kazi ambayo siku nyingi huruma inakaa mfukoni, inasubiri.

Kwa hiyo fomu usiijaze bado. Ufunge mkono wako wa kulia kwa kitambaa, uukaze mwilini, usidanganye. Chukua shati la vifungo, kaa kitandani, ulivae. Mume wako akae mbele yako na saa, na umwapishe kabisa: asikuguse, asikuelekeze, asicheke. Wewe muangalie yeye zaidi ya shati. Tazama mikono yake inafanya nini ukifika kifungo cha tatu. Kesho yake mbadilishane, afungwe yeye, saa ushike wewe.

Kisha niandikie ni siku ipi kati ya hizo mbili ilikuwa ngumu zaidi kwako. Ukiandika kwa mkono wa kushoto nitasoma tu, miandiko mibaya nimeizoea.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi, somo yako.