Kabla ya Kununua Mota Kubwa: Kupima Mzigo wa Mashine ya Mabomba

Wenye viwanda vidogo vya mabomba ya chuma hapa Arusha hutuita mara nyingi wakiwa wamekwisha kuamua kununua mota kubwa zaidi, kwa kuwa iliyopo hupata moto au hujizima kila wanapotoka kwenye bati la milimita 1.5 kwenda la milimita 2. Sisi huomba tupime kwanza, kwani uamuzi huo aghalabu umetokana na ampea zilizosomwa kwa klampu mita (kipimo kinachobana waya na kusoma mkondo wa umeme), na ampea peke yake huficha mengi.

Chukulia mota ya fezi tatu, volti 400, inayovuta ampea 60 bomba linapopita, pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli) ikiwa 0.85: hapo inatumia takriban kilowati 35. Rola zinazokunja bati kuwa bomba zikizunguka tupu, mota hiyohiyo inaweza kuvuta ampea 30, na mwenye mashine akaamini kwamba nusu ya nguvu inapotelea kwenye giaboksi. Kumbe pawa fakta imeshuka hadi 0.2, na kilowati halisi ni kama 4 tu. Ndiyo maana sisi hufunga mita inayosoma volti, ampea na pawa fakta kwa pamoja, tukaiacha irekodi zamu nzima.

Hata hivyo, mita ya umeme ina mipaka yake. Uzito wa sehemu zinazozunguka hulainisha mishtuko, hivyo kilele kinachovunja shafti, hasa pale kiungo cha koili mbili (mahali mwisho wa bati la koili moja ulipochomelewa na mwanzo wa nyingine) kinapoingia kwenye rola, huenda kisionekane kabisa upande wa mota. Hapo tunabandika geji nne za mkazo (vibandiko vidogo vinavyopima jinsi chuma kinavyonyooka au kubanwa) juu ya shafti yenyewe, zikiwa zimelazwa kwa nyuzi 45 na kuunganishwa kwa namna ambayo joto na kupinda kwa shafti havichanganyi hesabu. Maandalizi ndiyo yanayokula muda: chuma husuguliwa kwa msasa hadi king'ae, kisha hufutwa kwa asetoni, maana geji iliyobandikwa juu ya grisi nayo hutoa tarakimu, ila za uongo. Usomaji hutumwa kwa redio ndogo ya betri inayozunguka pamoja na shafti.

Vipimo hivyo viwili hukaguana. Mota inayotoa kilowati 30 kwa mizunguko 1,450 kwa dakika ina nguvu ya kusokota ya takriban nyutoni-mita 198. Giaboksi ya 30 kwa 1, yaani inayopunguza mizunguko mara 30, huipandisha hadi kama 5,900, kabla ya kutoa msuguano. Shafti ikionyesha kiasi hicho muda wote bomba linapopita, ni vyema kuangalia kwanza kama rola zimekazwa kupita kiasi. Ikiwa inaruka juu kwenye viungo pekee, tatizo ni uchomeleaji wa viungo hivyo, na mota kubwa ingeongeza tu nguvu ya kuvunjia shafti.

Kabla hatujafika, tafadhali tutumie picha ya kibati cha mota, uwiano wa giaboksi, kipenyo cha shafti, na unene wa bati mnalokunja. Tutahitaji pia sehemu ya shafti iliyo wazi, yenye urefu wa kiganja hivi, na mashine izimwe na kufungwa swichi wakati wa kubandika.