Tuwanunulie watoto hadithi, si rivisheni tu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wazazi wenzangu wa hapa Lamu. Ukiingia dukani kuulizia kitabu cha mtoto, swali la kwanza ni "gredi ngapi?" halafu unatolewa cha rivisheni, maswali mbele majibu nyuma, unalipa unaondoka roho safi ati mtoto kapata kitabu. Kile ni kitabu ama ni mtihani uliotiwa jalada?

Na hiyo gredi yenyewe haisemi kitu. Watoto wawili wako gredi ya 5, mmoja anasoma kama maji mwenzake bado anaunga silabi, utawapaje kitabu kimoja? Mi nasema nenda na mtoto mwenyewe, afungue ukurasa wowote wa katikati asome, kila neno lisilomuingia akunje kidole, mkono ukijaa kabla ukurasa haujaisha basi hicho bado hajakifikia, kirudisheni. Kisha muulize kama anataka kujua kilichotokea mbele. Akisema hapana msilazimishane, hata kikiwa kimepewa tuzo.

Kwa wale wadogo tazama picha pia. Theluji na matufaa si vibaya, mtoto ajue dunia, lakini akipekua vyote asione punda wala jahazi wala buibui la nyanyake atadhani vitabuni wanakaa watu wengine sio sisi.

Lakini vita vyenyewe viko kwa vijana wetu hawa wakubwa. Binti akishikwa na riwaya ya mapenzi ananyang'anywa hapo hapo, na simu anayo chumbani usiku kucha hakuna anayemuuliza! Jamani, soma kwanza wewe sura mbili tatu ndio uhukumu. Kijana kufanya kosa ndani ya hadithi sio kwamba kitabu kinafundisha kosa, angalia mwandishi anamfikisha wapi, manake kile kinachohubiri kila ukurasa hao wanakinusa kutoka mbali na hawakimalizi. Wa sekondari nao wanakariri mwongozo wa riwaya na riwaya yenyewe hawajaifungua.

Na sisi wa visiwa hivi tungekuwa mbele kwa hili. Mwana Kupona, mshairi wa huku huku kwetu, alimtungia bintiye utendi wa kumuusia mwaka 1858, tena kwa lugha ya nyumbani. Mpe binti yako asome, mkae naye, mengine atayakubali na mengine atabishana nawe, hasa pale anapoambiwa amtii mume (hapo jitayarishe), na ule ubishi ndio kusoma kwenyewe.

Najua mtu atasema bei. Kweli, vitabu vinatozwa kodi ya VAT ya asilimia 16 tangu sheria ya 2013, mzigo huo serikali ingetuondolea. Ila hela ya rivisheni ya tatu ya somo lile lile inatosha hadithi moja, na watoto wa mtaa mmoja wakibadilishana kila nyumba inasoma nyingi.

Nawe mhariri tusaidie, kila wiki utuwekee kitabu kimoja cha watoto na umri kinaoufaa na bei yake, maneno 50 yatosha, na aandike mtoto aliyekisoma mpaka mwisho sio mchapishaji.

Mzazi,
Langoni, Lamu