Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Mikato

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze shughuli za mwaka "kwa ufupi". Neno hilo ndilo lililotugombanisha mwaka mzima, kwa hiyo mtanisamehe nikilishika kwa tahadhari.

Mambo ya fedha namwachia mhazini. Wengi wamelipa ada, na wasiolipa wanajijua. Vikao vya usikilizaji vilifanyika vyote kama vilivyopangwa. Maktaba ya santuri iko salama, isipokuwa jambo moja nitakalolitaja mwishoni. Sasa nije kwenye lililotuchukulia muda: ugomvi juu ya nyimbo zilizokatwa ziwe fupi.

Mnakumbuka lilivyoanza. Kamati ilipendekeza tusikilize "Smash", ule mkusanyo wa 2023 wenye singo 55 (nyimbo zilizotolewa moja moja, nje ya albamu) za Pet Shop Boys, lile kundi la pop la Waingereza wawili, za kuanzia 1985 hadi 2020, zilizopangwa kwa kufuata miaka. Nia ilikuwa kustarehe tu. Hatukumaliza hata diski ya kwanza. Ulipofika wimbo wa "Left to My Own Devices", mjumbe mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti, "Huu si wimbo, huu ni muhtasari wake." Mwingine akamjibu kwamba muhtasari huo ndio uliomfanya awe mwanachama wa chama hiki. Tangu hapo kila kikao, hata kile cha kujadili ratiba, kiliishia kwenye swali lilelile: singo zilichaguliwa vibaya? Na nani aliwapa ruhusa ya kuzikata?

Kwa waliojiunga karibuni, niwape chanzo cha ugomvi. Neil Tennant, mwimbaji, na Chris Lowe, mtu wa vinanda, walikutana London mwaka 1981 katika duka la vifaa vya elektroniki. Miaka saba baadaye, Oktoba 1988, walitoa albamu ya "Introspective". Ilikuwa na nyimbo sita tu, zote ndefu. Desturi ya wakati ule ilikuwa kutoa wimbo mfupi kwanza, kisha kuutengenezea toleo refu la kuchezea disko. Wao kwenye albamu hii waliigeuza kazi: urefu wa disko ndio uliowekwa kwenye albamu, na redio ikapewa kilichopunguzwa. "Left to My Own Devices" iliyotayarishwa na Trevor Horn na Stephen Lipson ina zaidi ya dakika nane kwenye albamu. Singo yake haifiki dakika tano. Kilichopungua ni nafasi ya okestra kujinyoosha na ya midundo kuzunguka bila haraka.

Katibu wetu, ambaye nampenda ila siku hizi tunasalimiana kwa adabu tu, anashikilia kuwa huo ni ukeketaji. Nimelinukuu neno lake kama lilivyo kwenye kumbukumbu za kikao, ingawa nilimwomba atafute jingine.

Nami nilimkumbusha sababu za kazi yenyewe. Singo ya inchi saba inayozunguka mara 45 kwa dakika ina nafasi finyu. Ukirefusha wimbo, mifereji ya santuri, ile mistari inayopitiwa na sindano, lazima ibanane, na ikibanana sauti inapungua nguvu na besi inanyauka. Ndiyo maana vilabu vilipenda santuri ya inchi kumi na mbili: mifereji inapata kupumua, ngoma inapiga kifuani. Redio nayo ina hesabu zake. Mtangazaji anataka kuongea juu ya utangulizi, anataka kiitikio kifike kabla msikilizaji hajageuza kitufe, anataka kumaliza kabla ya taarifa ya habari. Kwa hiyo mtu anakaa na utepe na wembe, anakata hapa, anaunganisha pale. Akiifanya vizuri, hujui kama palikatwa.

Na hapo ndipo nilipokuta jambo ambalo nadhani ndilo tulilovuna mwaka huu. Tulipokuwa tukibishana, nilianza kumuuliza kila mzungumzaji swali moja la pembeni: wimbo huu ulikutana nao wapi kwanza? Majibu yalinishangaza kwa jinsi yalivyonyooka. Walioanza na albamu wanatetea toleo refu. Walioanza na redio, au na "Discography" ya 1991 iliyokusanya singo, wanatetea fupi. Karibu hapakuwa na aliyevuka mstari. Tulikuwa tukijadili okestra na mifereji, kumbe kila mmoja anatetea chumba alichokuwa amekaa siku ile. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mwenyekiti wenu hakusalimika. Mimi nilianza na "Discography". Nilipolisikia toleo la dakika nane miaka mingi baadaye, nilidhani mtu ameongezea maji kwenye mchuzi. Nililitetea toleo fupi kikaoni kwa hoja za ufundi, lakini hoja yangu ya kweli ilikuwa kaseti moja niliyoirudia mpaka utepe ukachakaa.

Baada ya kugundua hilo tuliweka utaratibu. Kabla ya mjadala wowote wa toleo, yote mawili yanasikilizwa mpaka mwisho, kimya, tukianza na lile ambalo mlalamikaji halipendi. Utaratibu huu ulizaa kikao bora kuliko vyote, kile cha "Being Boring".

Wimbo huo, wa 1990, unakaribia dakika saba kwenye albamu ya "Behaviour". Singo yake haifiki tano. Ni wimbo wa kumkumbuka rafiki wa ujana aliyefariki kwa UKIMWI, wenye beti tatu zinazohama kutoka zama hadi zama, kutoka mialiko ya sherehe za zamani mpaka mtu mzima anayewatazama waliobaki na kuwahesabu wasiokuwepo. Tulipoyaweka matoleo mawili ubavuni, hata watu wa mkato walikubali kwamba utangulizi ule mrefu si pambo. Ni muda wa mtu kufungua sanduku la picha. Ukiuharakisha, picha unazikuta mezani tayari. Lakini Katibu pia akakubali (nimelisisitiza hili kwenye kumbukumbu) kwamba mkataji aliziacha beti zote tatu, wala hakuugusa ule mwendo wa miaka. Alijua kipi kisichokatika. Huyo hakuwa mchinjaji.

Mjadala wa kuchagua singo ulikuwa mkali zaidi, na nitakiri sikuuongoza vizuri.

Lawama ya kwanza huwa kwa "kampuni". Kampuni ilichagua vibaya, kampuni ilitaka hela. Hoja hii ni tamu kwa sababu inawaacha Neil na Chris wakiwa safi. Tatizo ni mwaka 2013. Walikuwa wametoka Parlophone, kampuni ya rekodi walikokuwa tangu 1985, wakatoa "Electric" kwa lebo yao wenyewe, x2. Hakuna bosi aliyewashika mkono. Na wakafanya nini? Wakatanguliza "Axis", ambayo haina maneno mengi ya kuimbwa, kisha "Vocal", inayopita dakika sita kwenye albamu, wakaipa toleo fupi. Kwa hiyo wembe ni wao pia. Waliporudi Parlophone na "Nonetheless" ya 2024, wakaitanguliza "Loneliness", wapo kati yetu waliosema "Dancing Star", ule wimbo unaomhusu mcheza baleti Rudolf Nureyev, ndio uliostahili kuwa wa kwanza. Albamu ilifika namba 2 Uingereza. Sijui wanaolalamika walitaka ifike wapi zaidi, isipokuwa kwa hiyo namba moja iliyobaki.

Lawama ya pili ni chati, ile orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi. Hapa naomba tuwe waangalifu, maana chati tunaitumia inapotufaa tu. "Being Boring" iliishia namba 20 Uingereza, na kila mtu chumbani anaiita kazi yao bora. "Domino Dancing" ya 1988 iliingia namba 9 na kufika 7. Wimbo ulioingia kumi bora unahesabiwa kwenye historia yao kama dalili ya kuteremka, na Tennant mwenyewe ndiye aliyeusoma hivyo. Ukitoka kwenye namba moja nne ("West End Girls", "It's a Sin", "Always on My Mind" na "Heart", ya mwisho ikiwa mwaka huohuo wa 1988), namba 7 inakuwa msiba. Wengine wangeifanyia karamu.

Na hizo namba moja nne zenyewe hazikupangwa kwa akili tunayodhani. "West End Girls" ilitoka kwanza 1984, ikiwa imetayarishwa na Bobby Orlando, na Uingereza haikuitambua. Wakairekodi upya na Stephen Hague, ikatoka 1985, Januari 1986 ikawa namba moja kwao, kisha ikawa namba moja Marekani. "Always on My Mind" iliimbwa kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha kuadhimisha miaka kumi ya kifo cha Elvis Presley. Wala haikuwemo kwenye "Actually", albamu yao ya mwaka ule. Ikatolewa, ikawa namba moja ya Krismasi 1987. "Paninaro" ilikuwa upande B wa "Suburbia" mwaka 1986, ikaja kupandishwa kuwa singo miaka tisa baadaye ikiwa imetengenezwa upya. Ukiniuliza mimi, watu hawa wawili walichagua singo kama mtu anayerudi nyumbani kuchukua alichosahau.

Kundi la "King's Cross" nalo liliwasilisha ombi lake la kila mwaka, kwamba wimbo huo unaofunga "Actually" ulipaswa kuwa singo. Nilisema kikaoni na narudia hapa: albamu ilitoka Septemba 1987, na Novemba moto uliwaua watu 31 katika kituo cha treni cha London chenye jina hilohilo. Wimbo ambao tayari ulikuwa wa huzuni ulibebeshwa uzito ambao hakuna aliyeupanga. Kuwa kwake mwishoni mwa albamu, mahali msikilizaji anapofika kwa miguu yake, nadhani kumeutunza. Ombi lilipigiwa kura, likashindwa. Litarudi mwakani, nawajua.

Jambo moja tulilikamilisha, nalo ni istilahi. Tuligundua nusu ya ugomvi ilikuwa watu kuita vitu tofauti kwa jina moja. Kuanzia sasa, kwenye orodha ya maktaba, "mkato" ni rekodi ileile iliyopunguzwa, kama "Being Boring". "Toleo jipya" ni wimbo uliorekodiwa au kujengwa upya kwa ajili ya singo. "Suburbia" ni mfano: ya singo ina mbwa wanaobweka na ghasia za mtaani, na waliokutana nayo kwanza huiona ya albamu kama mazoezi. "Rimiksi" ni pale mtu mwingine anapokabidhiwa wimbo, kama watayarishaji Beatmasters walivyofanyia "I Wouldn't Normally Do This Kind of Thing" mwaka 1993, mpaka ikawa singo iliyofika redioni badala ya ile ya albamu. Mjumbe aliyepinga akisema Beatmasters walijenga upya kabisa, hivyo liitwe toleo jipya, hoja yake ni nzito na imepelekwa kwenye kamati ndogo. Kamati hiyo bado haijakutana kwa kuwa wajumbe wake wawili hawasemezani.

Niseme pia kwamba pendekezo la kutengeneza mikato yetu wenyewe na kuisambaza limekataliwa. Nyimbo zina wenyewe. Anayetaka kucheza na wembe acheze nyumbani kwake.

Mwaka ujao tutaanza na "Love Is a Bourgeois Construct", ya albamu na ya singo, tukiitanguliza kazi ya mtunzi Michael Nyman iliyozaa muziki wake, na kabla yake mtunzi wa kale Purcell, ambaye Nyman naye aliichota kwake. Yaani tutakuwa na mkato wa wimbo uliojengwa juu ya wimbo uliojengwa juu ya wimbo. Katibu ameshaomba muda wa ziada wa kuzungumza. Amepewa dakika nne, naye ameuliza kama hilo ni toleo la redio.

La mwisho ni la maktaba. Santuri ya inchi kumi na mbili ya "Left to My Own Devices" iliazimwa baada ya kile kikao cha kwanza na haijarudi. Daftari lina sahihi ya aliyeichukua, na ni yuleyule aliyesema toleo fupi linamtosha. Airudishe kabla ya kikao kijacho. Hatutamuuliza chochote.

Mwenyekiti